Filamu za Dawa na Mizani ya Wapokezi



Wazazi kadhaa hapa Hombolo wametuuliza juu ya filamu inayodai kwamba chanjo ya pepopunda waliyochomwa wanawake wa Kenya mwaka 2014 ilitiwa kitu cha kuwafunga kizazi. Hawaulizi kwa udadisi. Wana mabinti wa miaka 9 hadi 14, ambao tangu mwaka 2024 hupewa dozi moja ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, nao wana hofu.

Maulamaa wa Hadithi hawakuipokea riwaya kwa uzuri wa maneno yake. Waliuliza: kasimulia nani, kapokea kwa nani, uaminifu wake ukoje, ana maslahi gani? Filamu ya dokumentari nayo ina msimulizi, ila yeye hujificha nyuma ya muziki na picha za akina mama wanaolia. Aweza kuzungumza na mtaalamu saa nzima, kisha akatuachia sentensi moja tu, nasi tusijue kilichokatwa.

Filamu yenyewe, Infertility: A Diabolical Agenda, ilitoka mwaka 2022, na mwongozaji wake ni Andrew Wakefield. Huyu ndiye daktari wa Uingereza ambaye mwaka 1998, kwa kuwatazama watoto 12 tu, alizua hofu kwamba chanjo ya surua inahusiana na usonji. Baadaye ilibainika kuwa habari za watoto wale zilipotoshwa, na kwamba alikuwa akilipwa na mawakili waliokuwa wakitayarisha kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo. Mwaka 2010 jarida la Lancet liliifuta makala yake, na baraza la madaktari likamfutia usajili. Msimulizi wa namna hii, wanahadithi humwita matruk: riwaya yake huachwa.

Lakini mwongo naye huweza kusema kweli, kwa hiyo tuitazame tuhuma yenyewe. Maaskofu Wakatoliki wa Kenya walipeleka chanjo ile maabara, na majibu yakaonyesha homoni ya ujauzito. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walijibu kwamba vipimo vilivyotumika ni vya damu na mkojo wa binadamu, havikutengenezwa kupima chanjo. Hapa ndipo ulipo mzizi wa jambo zima, na mtazamaji anayeyasikia machozi bila jibu hili amepewa nusu ya kesi.

Wala hatuyatakasi makampuni ya dawa. Mwaka 1996, mjini Kano, Nigeria, Pfizer ilijaribia dawa ya Trovan kwa watoto wagonjwa wa uti wa mgongo, na mwaka 2009 ikakubali kulipa dola milioni 75 kumaliza kesi ya jimbo hilo. Filamu ya Fire in the Blood ya mwaka 2013 inasimulia jinsi dawa za UKIMWI zilivyokuwa ghali hata Waafrika wakafa bila kuzipata. Nayo ina upande wake. Miongoni mwa mashahidi wake ni Peter Rost, aliyekuwa kiongozi ndani ya Pfizer kisha akagombana nayo, na shahidi mwenye ugomvi huhitaji mwenzake. Mwenzake yupo: mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India, chini ya Yusuf Hamied, ilitangaza dawa hizo kwa dola 350 kwa mwaka, wakati zenye hataza ziliuzwa zaidi ya dola 10,000. Basi hiyo tunaipokea.

Dhulma ya Kano ni kweli, lakini haithibitishi tuhuma ya Kenya, kama ambavyo wizi wa jana hauthibitishi kwamba mtu huyo huyo kaiba leo. Na hapa Hombolo, penye historia ya kituo cha ukoma, wazee wanajua mgonjwa alivyotengwa. Tangu mwaka 2000 dawa za ukoma hutolewa bure na Novartis kupitia Shirika la Afya Duniani. Wafanyabiashara ni wale wale.

Amri ya kuhakikisha habari imo katika Suratul Hujurat, aya ya 6. Mzazi mwenye shaka na aende zahanati, aulize jina la chanjo, inazuia nini na madhara yake ni yapi. Ni haki yake kujibiwa. Ama wale waliotuuliza, tumewajibu kwamba mabinti wapelekwe.