Fundi Akiwa Nyumbani, Waya Upite Wapi?

Mwezi uliopita tulimwita fundi aje kukwangua rangi ya zamani katika chumba chetu kimoja. Tunaishi katika nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na ukumbi mmoja katikati, ambamo kila mtu hupita: mwenye ndoo, mwenye mtoto mgongoni, mwenye sufuria ya moto. Soketi ya chumba kile ilikuwa mbovu siku nyingi. Basi fundi alichomeka ekstensheni yake kwa jirani, akauvuta waya ukumbini, akapanda ngazi na mashine yake ya msasa.

Haikufika saa sita mchana, bibi mmoja, mpangaji mwenzetu, akajikwaa kwenye waya huo. Yeye aliwahi kushika ukuta. Mashine, hata hivyo, ilimponyoka fundi ikaanguka sakafuni ikiwa bado inanguruma, hatua mbili tu kutoka pale mwanangu aliposimama akitazama kazi.

Nami, kwa kutaka kusaidia, nikatenda kosa ambalo bila shaka wengi wenu mmewahi kulitenda: nikatandika mkeka juu ya waya. Fundi aliuondoa papo hapo, na alikuwa na haki. Waya unaoonekana watu huuruka; uliofichwa chini ya mkeka hukanyagwa kutwa nzima, ganda lake likachubuka pasipo mtu kujua. Isitoshe, waya unaopitisha umeme mwingi hupata joto. Mashine ya wati 2,000, kwa umeme wetu wa volti 230, huvuta karibu ampea 9. Joto hilo likikosa pa kutokea, ganda hulainika, na mkeka ni kitu kinachoshika moto upesi.

Kwa sababu hiyo hiyo ekstensheni ya kuviringishwa hapana budi ikunjuliwe yote, hata kama kazi iko mita tatu tu. Ikiachwa katika gurudumu lake, mizunguko ya ndani hupashana joto, na waya hauwezi tena kubeba mzigo ulioandikwa kwa ajili ya waya uliokunjuliwa.

Njia iliyo bora ni juu. Waya na upande kando ya fremu ya mlango, upite juu ya kizingiti, ufuate ukuta hadi kwenye kazi. Ushikwe kwa vipande vya kamba au kulabu za mbao. Misumari iliyopindwa juu yake hukata ganda. Tena usipitishwe katika mlango unaofungwa, kwani mlango hubana kama koleo. Pale ambapo juu hapafai, waya ufuate ukingo wa ukuta na uvuke njia mahali pamoja tu, ukiwa umelazwa kati ya fito mbili za mbao na ubao juu yake.

Jambo la maungio ndilo linalonitisha zaidi. Kichwa cha ekstensheni mara nyingi huachwa sakafuni, penye saruji mbichi na maji ya kuoshea brashi. Kiwekeni juu ya kigoda. Na fundi akija na waya ulioungwa kwa mfuko wa nailoni, mwambieni kwa adabu kwamba hautaingia nyumbani mwenu. Ni afadhali kazi isubiri kesho. Mashine yenye plagi ya nyaya tatu nayo ipewe ekstensheni ya nyaya tatu, ili ule wa kijani na manjano, yaani wa ardhi, usikatike njiani.

Wakati wa chakula cha mchana, plagi ichomolewe. Mafundi wengi huzima mashine tu wakaenda kula, na watoto ndio hubaki chumbani.

Tulimaliza kuutundika waya wetu, tukaona tumeshinda. Jioni yule bibi akapita na ndoo ya maji kichwani, na ndoo ikaugusa waya. Tulikuwa tumepima kwa kimo cha fundi, mwanamume asiyebeba kitu! Tukamwomba bibi asimame kidogo chini ya kizingiti na ndoo yake, fundi akaupandisha waya shibiri mbili zaidi, akaufunga upya.