Sikio Liumapo, Litazamwe Kwanza

Maumivu ya sikio ni miongoni mwa malalamiko yanayopewa dawa upesi kuliko yanavyochunguzwa. Mgonjwa hueleza upande unaomuuma, na kabla hajamaliza amekwisha kuandikiwa matone na antibiotiki. Nashikilia kwamba desturi hiyo haina udhuru hata penye foleni ndefu, kwa kuwa maneno "sikio linauma" hayataji ugonjwa. Yanataja mahali tu, na pengine hata mahali penyewe sipo.

Sababu imo katika maumbile. Sikio hupata hisia kwa njia ya neva ya tano, ya saba, ya tisa na ya kumi za kichwa, pamoja na ya pili na ya tatu za shingo. Baadhi ya neva hizo hizo huhudumia meno, taya, ulimi, mafindofindo na koo. Gego lililooza, au kiungo cha taya kilichochoshwa na kusaga meno usingizini, huweza kusikika kama maumivu ya sikio. (Anayekohoa kila aingizapo kijiti sikioni ameuonja ushirika huo kwa upande wake wa pili.)

Kwa mtoto aliyetoka kuugua mafua, kinachotarajiwa zaidi ni maambukizi ya sikio la kati, maana mrija unaoliunganisha na nyuma ya pua ni mfupi na umelala kuliko wa mtu mzima. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kumhudumia mtoto mgonjwa humtaka mhudumu aulize kuhusu maumivu na usaha, na umetoka kwa muda gani, kwani usaha uliodumu siku 14 au zaidi hautibiwi kama ule wa juzi. Kisha apapase nyuma ya sikio. Uvimbe unaouma hapo ni dharura ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa mtu mzima, kibonyezwe kijinyama kigumu kilicho mbele ya tundu. Maumivu yakizidi, huenda kasoro iko katika njia ya nje, ambayo wengi huijeruhi kwa njiti za kiberiti na funguo. Kisha ngoma ya sikio itazamwe kwa otoskopu, kwa sababu matone ya jentamisini yakipita kwenye ngoma iliyotoboka yanaweza kudhuru sikio la ndani, na usikivu unaopotea kwa njia hiyo haurudi.

Hata hivyo, linalonitia hofu zaidi ni sikio linaloonekana zima. Mtu mzima, hasa mvutaji wa sigara au mnywaji wa pombe, mwenye maumivu ya sikio moja yasiyokoma na ngoma isiyo na kasoro, lazima achunguzwe kinywa, koo na shingo. Saratani ya koo au ya shina la ulimi huweza kujitangaza hivyo. Sauti ikikwaruza, kumeza kukiwa kwa shida, au tezi likitokeza shingoni, rufaa isicheleweshwe. Kumwandikia mgonjwa huyo chupa ya tatu ya matone ni kumpokonya miezi ambayo angeitumia kutibiwa.

Wagonjwa nao wana sehemu yao. Mafuta ya moto na maji ya kitunguu saumu huunguza ngozi na kuificha ngoma machoni pa mchunguzi. Na mgonjwa anaposema kwa adabu, "Daktari, naomba uniangalie ndani ya sikio," asihesabiwe mjuaji, kwani anaomba kipimo kama anayeomba kupimwa malaria.

Nitaambiwa kwamba otoskopu ni moja, imefungiwa kabatini, na betri zimekwisha. Ni kweli mahali pengi, na wanaopanga bajeti za zahanati wana la kujibu. Lakini tochi ya kuangalia meno na koo ipo, na vidole vya kupapasa shingo vipo. Uchunguzi huo huchukua dakika chache, nao ndio uliomkosa mgonjwa anayerudi mara ya nne na sikio lile lile.