Kujifunza Hesabu za Kamari Kuna Ubaya Gani?



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu wanafunzi, muhula uliopita mmoja wenu alinijia baada ya sala ya Alasiri na simu mkononi. Alinionyesha jedwali la mchezo wa karata uitwao blackjack, yaani Ishirini na Moja. "Ustadhi," akasema, "mimi sichezi kwa pesa. Najifunza hesabu tu. Kuna ubaya gani?" Swali lake ni la haki, nami nimeona nilijibu hapa ili na wazazi wasome.

Kwanza tuujue mchezo wenyewe. Mchezaji hushindana na mgawaji karata wa kasino. Kila mmoja hutafuta jumla iliyo karibu na 21 bila ya kuizidi. Mwaka 1956 wanajeshi wanne wa Marekani, Baldwin, Cantey, Maisel na McDermott, walichapisha hesabu zinazoonyesha lililo bora katika kila hali: kuongeza karata au kutosheka. Kwa mfano, ukiwa na 10 na 6, na mgawaji anaonyesha 10, jedwali litakwambia uongeze. Akionyesha 6, litakwambia utosheke. Ni kazi ya akili, sikatai.

Lakini tazameni matokeo yake. Anayelifuata jedwali bila ya kukosea hata mara moja, tena kwenye meza yenye masharti nafuu, bado hupoteza kwa wastani kiasi cha nusu shilingi katika kila shilingi 100 anazoweka. Sababu kubwa ni kuwa mchezaji hutangulia kucheza. Akizidi 21, pesa zake huchukuliwa papo hapo, hata kama mgawaji naye angezidi baadaye. Hilo jedwali haliliondoi. Linamfundisha mtu kupoteza polepole.

Utasema nusu shilingi si kitu. Lakini pesa ile ile huzunguka mezani mara nyingi kwa usiku mmoja. Na siku nyingine atarudi nyumbani na faida, na faida hiyo ndiyo ndoana. Atadhani ni ujuzi wake, kumbe ni bahati ya siku ile, na kesho atarudi mezani na karo ya mdogo wake.

Tena jiulizeni: kasino nyingi humruhusu mchezaji kukaa na jedwali hilo mkononi. Ni mfanyabiashara gani humpa mteja ufunguo wa kasha lake? Ila anayehesabu karata zilizokwisha kutoka, njia aliyoieneza Edward Thorp kwa kitabu chake cha mwaka 1962, akigundulika mara nyingi hutolewa nje.

Hata hivyo, tusidhani kamari imeharamishwa kwa sababu ya hasara tu. Katika Suratul Baqarah aya ya 219 Allah (S.W.) ametaja kuwa ndani yake mna manufaa, lakini dhambi yake ni kubwa zaidi. Na katika Suratul Maidah aya ya 90 na 91 ametuamrisha tujiepushe nayo, kwani shetani huitumia kututia uadui na kutuzuilia dhikri na sala. Anayeshinda naye amekula mali ya mwenziwe, hakumfanyia kazi wala hakumuuzia kitu. Na Mtume (S.A.W.) amemtaka anayemwambia mwenziwe "njoo tucheze kamari" atoe sadaka. Ikiwa neno tu lina kafara yake, je mkono unaozoezwa kila usiku?

Basi jibu langu ni hili. Elimu ya uwezekano si haramu. Madaktari huitumia kupima dawa, na wataalamu wa hali ya hewa kubashiri mvua. Lakini mchezo ule wa simu unazoeza mkono kuweka dau, na aliyezoea kuweka dau la bandia hayuko mbali na la kweli.

Wazazi, msimnyang'anye mtoto simu na kunyamaza. Mwelezeni sababu. Kijana wetu ameniahidi kuufuta mchezo ule, nami nimemuahidi kumsomesha uwezekano kila Jumamosi. Tumwombe Allah atutimizie sote wawili.

Wabillahi Tawfiq.