Macho mekundu: Mtoto mgonjwa si mtoro





Januari 2024, wagonjwa wa macho walipoongezeka Dar es Salaam, Wizara ya Afya ilieleza kuwa chanzo ni virusi. Lakini huku vijijini wapo wanaoshikilia kuwa ni upepo, vumbi au jicho la hasidi. Hatuko peke yetu. Ghana mwaka 1969 waliuita Apollo, kwa kuwa uliingia wakati Wamarekani walipotua mwezini. Mwezi haukuhusika, ni mikono.

Mtoto hujifuta machozi, akashika dawati, mwenzake akashika pale pale kisha akajipangusa uso. Basi. Virusi hivi vyaweza kukaa siku kadhaa juu ya kitu kikavu. Watoto wakibanana wanne dawati moja, wiki haiishi nusu ya darasa wana tongotongo.

Na nyumbani je? Hununuliwa chupa moja ya dawa ya matone, ikazunguka nyumba tano. Wengine hutia maziwa ya mama, maji ya chai, hata mkojo! Dawa ya kuua bakteria haiui virusi, na ncha ya chupa ikigusa jicho bovu huuhamishia ugonjwa kwenye jicho zima. Matone yenye steroidi ni hatari zaidi: yakitiwa bila daktari kwenye jicho lenye virusi vya herpesi, yaweza kuleta upofu. Wagonjwa wengi hupona wenyewe katika wiki moja hadi tatu. Anayechomwa na mwanga, mwenye maumivu makali au anayeona ukungu apelekwe zahanati mara moja.

Linaloniudhi hasa ni mahudhurio. Mzazi anaogopa mwanawe kuitwa mtoro, basi humleta darasani macho yamevimba. Nasi walimu, tunaoulizwa kila siku idadi ya waliohudhuria, tunampokea. Naomba wakuu wa elimu waagize mtoto huyo akae nyumbani mpaka macho yaache kutoa machozi na uchafu, na daftarini aandikwe mgonjwa.

Tena kamati za shule zitenge fedha za sabuni na ndoo zenye koki. Kuwahubiria kunawa watoto wasio na hata kopo la maji ni kazi bure.

Mwalimu wa Shule ya Msingi
(Jina limehifadhiwa),
Handeni.