Ekstensheni bila arthi ni pambo

Jamani, mwaka juzi umeme ulikatika hapa Mji wa Kale, ukarudi kwa kishindo. Diski ya kompyuta ikaungua na kazi yangu ya wiki 3. Ekstensheni niliuziwa kuwa ina kinga, kumbe nyumba yetu ya zamani haina waya wa kwenda ardhini, ile "arthi" ya mafundi. Kinga bila arthi ni nusu kinga.

Ushauri wangu: kabla ya kununua, mwite fundi apime arthi ukutani. Kisha kumbuka hesabu: fyuzi ya ampea 13 kwa volti 240 ni wati 3,120, soketi zote pamoja. Birika la umeme peke yake laweza kula 2,000. Lichomeke ukutani, ekstensheni iachie kompyuta. Ama wewe waonaje?