Kinu cha Maji na Mvuke wa Olkaria

Mwalimu awapelekapo wanafunzi Olkaria, aghalabu huwaonyesha mabomba na mvuke, akawaeleza kwamba visima vya kwanza vya majaribio vilichimbwa miaka ya 1950, mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme mwaka 1981, na kufikia 1985 mitambo mitatu ikawa ikizalisha megawati 45. Ni sahihi. Nachelea tu kwamba wanafunzi hurudi wakidhani ufundi wa kulisukuma gurudumu lifanye kazi ya binadamu uliingia nchini pamoja na mvuke huo.

Ng'ambo ya milima ya Nyandarua, huko Murang'a na Nyeri, wakulima Waafrika walijenga vinu vya maji miaka ya 1930 na 1940. Maji yalitolewa mtoni kwa mfereji, yakaangukia gurudumu, nalo likazungusha jiwe la juu huku la chini likitulia, mahindi yakatoka unga. Kisha zikaja injini za dizeli. Kinu kikahamia sokoni, na mwanamke hakulazimika tena kuteremka bondeni na mzigo mgongoni. Nani angemlaumu kwa kuusahau mto?

Kilichopotea ni maneno. Kiswahili kina kinu cha kutwangia na kijaa cha kusagia. Kwa haki, chombo kile cha mtoni ni nduguye kijaa, ila watu walikiita kinu, na mrithi wake wa dizeli wakamwita mashine ya posho. Posho! Yaani chakula cha kupimiwa wapagazi na vibarua wa mashamba ya walowezi. Na Uganda neno hilohilo ndilo ugali wenyewe. Historia ya ujira wa kijungujiko imo humo, nasi twalitamka bila kulisikia.

Olkaria nako ni neno: Wamaasai walipaita kwa udongo mwekundu wa kujipaka. Mitambo ile ya kwanza imepita miaka 40, na vipande vyake karibu vyote twavitaja kwa Kiingereza. "Jotoardhi" limeshika kwa sababu magazeti yalilitumia bila kuona haya.

Basi safari ijayo, mwalimu wa Kiswahili aandamane na yule wa fizikia. Wanafunzi wamwombe fundi awatajie kila kipande na kazi yake. Wakati wa likizo, wenye nyanya waliowahi kusaga mtoni wawaulize mfereji ule uliitwaje, gurudumu liliitwaje, na zamu ya kusaga ilipangwaje, wayaandike majibu kwa lugha ileile waliyojibiwa.