Inua Jamii: Haki ya mzee isiwe bahati ya siku ya usajili

Siku za malipo ya Inua Jamii, ukipita nje ya benki mjini Kilifi, Malindi au Ukunda utawakuta wazee wamekaa kwenye ngazi tangu asubuhi, kitambulisho kimefungwa kwenye pindo la leso. Wengine wamesindikizwa na wajukuu. Wanangoja malipo yao. Hao ndio wenye bahati. Wapo wenzao wa umri uo huo waliobaki nyumbani kwa kuwa majina yao hayamo kwenye orodha.

Wazee wawili wamezaliwa kijiji kimoja na kuokoka njaa moja. Vipi mmoja awe na haki na mwengine akose? Jibu limo katika historia ya namna nchi hii ilivyoanza kuwatunza wazee wake.

Hazina ya NSSF iliundwa mwaka 1965, miaka miwili baada ya uhuru. Lakini ilikuwa ya wenye ajira, wanaokatwa mshahara na mwajiri akaongeza lake. Mvuvi wa Vanga, mgema wa Kaloleni, mama anayesuka makuti Msambweni, hao hawakuwa na mwajiri. Uzeeni walitegemea watoto, na asiyekuwa na watoto alitegemea majirani.

Pengo hilo lilizibwa kidogo na mashirika ya hisani. Kenya haikuwa nyuma katika hilo: shirika la kimataifa la HelpAge lilipoanzishwa mwaka 1983, miongoni mwa nchi tano ambazo mashirika yake yaliungana kuliunda ni Kenya. Hata hivyo hisani haidaiwi. Ikija unashukuru, isipokuja huna pa kwenda kuuliza.

Serikali iliingia mwaka 2006, kwa majaribio ya kuwapa wazee maskini fedha taslimu katika wilaya tatu: Thika, Nyando na Busia. Familia zilikuwa 300 tu, na Pwani haikuwamo. Mpango ukapanuka taratibu, ukiwalenga wenye miaka 65 na zaidi waliochaguliwa kwa umaskini wao. Huko kuchagua kulizua manung'uniko kila kijiji, maana nani atapima umaskini wa nani, na kwa kipimo gani?

Katikati ya safari hiyo ikaja Katiba ya 2010. Kifungu cha 57 kinasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa familia zao na kwa Serikali. Ni vyote viwili. Haikusemwa familia ikishindwa ndipo serikali ije.

Basi mwaka 2017 serikali ikatangaza jambo kubwa: kuanzia Januari 2018 kila Mkenya wa miaka 70 na zaidi asiyekuwa na pensheni nyengine angelipwa shilingi 2,000 kwa mwezi, tajiri au maskini, pamoja na bima ya NHIF. Machifu na wazee wa mitaa wakapita wakiandikisha watu. Hapo ndipo malipo ya uzeeni yalipokaribia kuwa haki.

Kosa ni kwamba orodha ilifunguliwa mara moja kisha mlango ukafungwa. Aliyezaliwa 1947 aliingia. Aliyezaliwa 1948 alitimiza miaka 70 mwaka 2018, akaambiwa asubiri. Usajili mpya ulipotangazwa mwaka 2023 alikuwa na miaka 75. Piga hesabu: shilingi 24,000 kwa mwaka, miaka mitano, ni shilingi 120,000 alizokosa kwa kuchelewa kuzaliwa mwaka mmoja.

Kwetu Pwani hesabu hiyo inauma zaidi. Wazee wengi hawakuandikiwa vyeti vya kuzaliwa. Walipokwenda kuchukua kipande waliulizwa walizaliwa lini, wakajibu kwa jina la njaa au la mvua kubwa, karani akakisia mwaka. Makisio hayo ya karani wa zamani ndiyo yanayoamua leo nani ale na nani akose.

Na hata kwa anayelipwa, hizo 2,000 ndizo zilizokuwa zikilipwa miaka zaidi ya kumi iliyopita. Pakiti ya unga ya kilo mbili ilipita shilingi 200 mwaka 2022, lakini pesa ya mzee haikusogea. Nayo NHIF aliyoahidiwa imeondoka, ikaja SHA, na sasa yampasa ajisajili upya.

Tusiambiwe haiwezekani. Zanzibar, jirani zetu wa bahari hii hii, walianza pensheni ya wazee wote wa miaka 70 na zaidi Aprili 2016, kabla yetu, kwa fedha za serikali yao wenyewe. Walianza na shilingi 20,000 za Tanzania, na baadaye wakapandisha hadi 50,000. Visiwa visivyo na uchumi wa Kenya vimeweza kuongeza, sisi tumeganda.

Kuna la kusemwa pia juu yetu wenyewe. Pesa haizuii panga. Kaunti ya Kilifi imezika wazee wengi waliouawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hizo pana shamba linalogombewa. Kaya Godoma, kule Ganze, imekuwa kimbilio la waliotoroka makwao. Mzee anayehesabiwa kuwa mzigo ni rahisi kusingiziwa. Penye wazee haliharibiki neno, twasema, kisha twawakimbiza waliolishika neno lenyewe.

Wabunge wetu wana mambo matatu ya kudai wakati wa bajeti. Usajili uwe wazi mwaka mzima, mtu akitimiza miaka 70 jina liingie bila kungoja tangazo. Kiwango kipandishwe kila bei zinapopanda. Na palipo na utata wa umri, wazee wa kijiji wasikizwe, wasiachiwe makaratasi peke yake.

Aliyezaliwa 1948 hana muda wa kungoja orodha nyengine.